Mtoto wa kidato cha kwanza na cha pili anapolemewa na hofu: mwongozo kwa mzazi na mwalimu

Januari ikifika, mtoto aliyekuwa kiranja darasa la saba anavaa sare mpya na kujikuta mdogo kuliko wote shuleni. Karibu masomo yote yanahamia Kiingereza kwa mpigo. Kila somo lina mwalimu wake, na kila mwalimu ana ukali wake. Shule iko mbali zaidi na nyumbani, au ni ya bweni kabisa. Wakati huohuo sauti inabadilika, chunusi zinatoka, hedhi inaanza. Na kabla hajazoea, anaambiwa kuna upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, na asiyefaulu anarudia darasa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika kila vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Hiyo haina maana kwamba kila mtoto mwenye wasiwasi ni mgonjwa. Hofu kidogo kabla ya mtihani humfanya mtoto afungue daftari. Tunayoizungumzia hapa ni ile inayomnyima usingizi, inayomfanya akose shule, inayomnyamazisha mtoto aliyekuwa msemaji.

Nimeandika nikiwafikiria wazazi na walimu wa Tanzania, kwa kuwa ndiko ninakokujua vizuri. Aliyeko Kenya aweke Gredi ya 7 hadi 9 mahali pa vidato hivi. Mambo mengi yatafanana.

Jambo moja niliseme mapema, maana ndilo litakaloongoza hatua zote. Hofu za wanafunzi ni za aina mbili. Ipo hofu ambayo sisi watu wazima ndio tumeileta, na hiyo kazi yetu ni kuiondoa. Ipo pia hofu ambayo mtoto lazima aipite ili akue, na hiyo kazi yetu ni kumsindikiza. Tunaharibu pale tunapozichanganya: mtoto anayepigwa kila siku tunamwambia awe jasiri, na mtoto anayeogopa kunyoosha kidole darasani tunamruhusu akae kimya miaka minne.

Hatua ya 1: Usisubiri akuambie, angalia mwili wake

Mtoto wa miaka 13 au 14 hatakuja kukuambia, "Mama, nina msongo wa mawazo." Atasema tumbo linauma. Atasema kichwa kinagonga. Ataenda chooni mara nne kabla ya kutoka asubuhi, au ataacha kula. Mwingine hataumwa popote ila atakuwa mkali, anawapiga wadogo zake, anajibu kwa kiburi, na sisi tunasema balehe imempanda kichwani. Mwingine alama zinashuka ghafla, au anaanza kukojoa kitandani tena baada ya miaka mingi.

Maumivu hayo si ya kuigiza. Mtu akiogopa, ubongo unauambia mwili ujiandae kukimbia au kupigana. Homoni ya adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, na kazi ya tumbo inavurugika. Ndiyo maana tumbo la asubuhi ya mtihani linauma kweli, hata kama daktari haoni kitu.

Nchi yetu ina mfano wa jambo hili unaojulikana duniani kote. Tarehe 30 Januari 1962, kwenye shule ya bweni ya wasichana huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Hali ikaenea. Wanafunzi 95 kati ya 159 walikumbwa, wengi wakicheka na kulia kwa kupokezana, na Machi mwaka huo shule ikafungwa. Vipimo vya madaktari havikuonyesha sumu wala vijidudu. Waliochunguza habari hiyo baadaye wameihusisha na msongo uliokuwa umewabana wasichana wale, walioishi chini ya nidhamu kali mbali na kwao. Hata leo, shule ikisikika kwamba wasichana wanaanguka na kupiga kelele, jambo la kwanza la kuuliza ni wanaishije pale: wanalala saa ngapi, wanaadhibiwaje, wanaogopa nini. Likitokea shuleni kwako, watenganishe walioanguka na umati, wapeleke mahali patulivu, zuia watu wasiwarekodi kwa simu, mwite mhudumu wa afya. Anayetaka kuwaombea awaombee kwa utulivu. Ila asiwepo wa kuwapiga au kuwashika kwa nguvu.

Sasa kwa mtoto wako mmoja, fanya hivi. Chukua kalenda ya ukutani na kwa wiki tatu weka alama kila siku anapolalamika. Alama zikijaa Jumatatu hadi Ijumaa na kukauka wikendi, au zikiangukia siku zilezile zenye vipindi viwili vya hisabati, umeshaanza kupata jibu.

Lakini usiruke hospitali. Mpime malaria, minyoo, upungufu wa damu. Mpime macho pia, kwa sababu mtoto asiyeona ubaoni anaishi na wasiwasi wa kudumu na mara nyingi hajui kwamba wenzake wanaona. Na muulize amekula nini tangu asubuhi. Aliyetoka nyumbani alfajiri bila kitu na shule haitoi hata uji, saa sita mchana atatetemeka na moyo utamwenda mbio. Hapo dawa ya kwanza ni chakula.

Hatua ya 2: Zungumza naye mikono ikiwa na kazi

Kumwita mtoto sebuleni, ukamkalisha kwenye kiti na kumuuliza "una tatizo gani?" ni kama kumpandisha kizimbani. Atajibu "sina." Mazungumzo ya kweli na watoto wa umri huu hutokea pembeni: mnachambua mchele, mnachota maji, mnafua sare, mko njiani kwenda dukani. Macho yako kwenye kazi, maneno yanatoka yenyewe.

Mama mmoja na mwanawe, wakiwa na ungo katikati:

"Baba, leo Jiografia mmesoma nini?"

"Sijui."

"Hujui, au hukuelewa?"

Kimya. Halafu: "Mwalimu anaongea haraka. Na ukijibu kwa Kiswahili wanacheka."

"Wanacheka akina nani?"

"Wote. Hata yeye mwenyewe."

"Mh. Hapo hata mimi ningenyamaza."

Angalia alichokifanya huyo mama. Hakusema "usiwajali," hakusema "sisi zamani tulitembea kilomita kumi," hakukimbilia kutoa suluhisho. Alikubali kwamba jambo linauma. Mtoto aliyejibiwa hivyo kesho ataongeza mengine, na mengine hayo ndiyo mazito.

Sentensi chache zinafunga mlango papo hapo: "Wewe una shida gani, unakula bure?" "Mwenzako wa nyumba ya pili mbona anaweza?" "Mwanaume halii." "Hayo ni mambo ya wazungu." Zichunge sana, maana zinatutoka kwa mazoea tu, na mtoto huzikumbuka kwa miaka.

Zilizo bora ni fupi: "Niambie zaidi." "Ilianza lini?" "Hapo ulijisikiaje?" "Kitu gani kinakutisha zaidi ya vyote?" Swali hilo la mwisho ndilo muhimu. Mtoto akisema "naogopa shule," bado hujapata kitu. Anaogopa nini shuleni? Mtu? Somo? Njia ya kwenda? Choo kisicho na mlango? Msichana anaweza kukosa siku nne kila mwezi kwa sababu tu hana taulo ya kike na alishawahi kuchekwa sketi ikiwa na doa. Usipofika kwenye kitu chenyewe, ushauri wote utakuwa wa hewani.

Kwa mwalimu aliye na wanafunzi 60 au 80 darasani, ungo haupo. Tumia karatasi. Mwisho wa kipindi, wape dakika tano waandike jambo moja linalowatia hofu shuleni, bila jina, wakunje na kuweka kwenye boksi. Somo moja la namna hiyo litakufundisha kuhusu darasa lako mambo ambayo muhula mzima wa usimamizi haujakuonyesha.

Hatua ya 3: Ondoa kwanza yaliyo mikononi mwetu

Andika yote aliyoyasema, kisha jiulize kwa kila moja: hili ni la mtoto kulipita, au ni la mtu mzima kulikomesha?

Viboko ni la mtu mzima. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, avitoe mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Kila mwalimu kutembea na fimbo na kuchapa darasa zima kwa kukosa swali ni kinyume cha kanuni hizo. Mimi naenda mbali zaidi: mtoto anayewaza fimbo hawezi kuwaza hesabu. Kichwa chake chote kiko kwenye mkono wa mwalimu. Ukitaka kujua kwa nini darasa limeganda ukiuliza swali, angalia ulichoshika.

Aibu ya Kiingereza ni la mtu mzima pia. Miaka saba mtoto wa shule ya msingi ya serikali kwa kawaida amefundishwa karibu kila kitu kwa Kiswahili. Kumtaka aeleze usanisinuru kwa Kiingereza mwezi wa tatu wa kidato cha kwanza na kumcheka akikosea ni kumdhulumu. Zipo shule zinazomvisha kibao shingoni aliyesikika akiongea Kiswahili. Mwalimu mwenye nia njema anaweza kuruhusu jibu litoke kwa Kiswahili kwanza, halafu darasa zima lilijenge upya kwa Kiingereza pamoja. Hakuna anayepoteza kitu, na mkono uliokuwa umelala unaanza kunyanyuka.

Michango na ada: ukidaiwa, kaongee na mwalimu wewe mwenyewe. Usimtume mtoto aende akasimamishwe mstarini na kurudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Na ugomvi wa wazazi usiku, unaodhani haukusikika, umesikika.

Kulinganishwa ndugu kwa ndugu kukome. Kubandika ukutani matokeo ya majaribio ya kila wiki, kuanzia wa kwanza hadi wa mia na ishirini, kunaweza kumsisimua wa kwanza. Wa mia na ishirini hufundishwa kila Ijumaa kwamba yeye hana maana.

Uonevu bwenini unahitaji mtu mzima aliyepo usiku. Matroni au patroni anayefunga mlango saa tatu na kuonekana tena alfajiri hajui chochote kinachowapata kidato cha kwanza saa tano usiku: kufua nguo za wakubwa, kunyang'anywa sabuni na biskuti, kulazwa chini. Mzazi ukienda siku ya kutembelea, uliza kwa jina nani analala karibu na watoto.

Na kama hofu ya mtoto ni mtu anayemshika asikotaka, awe mwalimu, dereva, jirani au ndugu wa damu, hilo halizungumzwi kifamilia na kumalizwa kwa faini. Mwamini mtoto, mwambie kosa si lake, mpeleke hospitali haraka, na ripoti kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi au kwa afisa ustawi wa jamii.

Mara nyingi nusu ya hofu huishia hapa hapa, kabla mtoto hajafundishwa mbinu yoyote.

Hatua ya 4: Mfundishe kupumua akiwa ametulia

Mbinu hii ni fupi, ila watu huifundisha wakati mbaya, mtoto akiwa tayari analia mlangoni. Ifundisheni jioni, mkicheka.

Aweke mkono mmoja tumboni. Avute hewa puani huku akihesabu hadi nne, tumbo likijaa na mabega yakibaki chini. Aitoe polepole mdomoni akihesabu hadi sita, kama anapuliza uji wa moto. Arudie kwa dakika tatu. Kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko kuivuta ndiko kunakofanya kazi, kwa kuwa mapigo ya moyo hupungua tunapotoa pumzi. Akishazoea nyumbani, ataweza kufanya hivyo kwenye daladala au kwenye dawati bila mtu kumwona.

Kichwa kikiwa kinakimbia sana, aongeze kutaja kimoyomoyo vitu vitano anavyoviona, vinne anavyovigusa, vitatu anavyovisikia. Mawazo yanarudi chumbani alipo. Mtoto wa dini anaweza kupumua huku akirudia dua au zaburi anayoipenda. Hakuna mgongano wowote.

Hatua ya 5: Msindikize kwenye kile anachokiogopa, kidogo kidogo

Hapa ndipo wazazi wengi wenye huruma hukwama. Mtoto anaogopa, tunamhurumia, tunamwacha abaki nyumbani. Siku hiyo anapata nafuu kubwa. Lakini ubongo wake umejifunza kwamba shule ilikuwa hatari na kuikimbia ndiko kulikomwokoa, hivyo kesho hofu itakuwa imeongezeka. Kadiri anavyokwepa, ndivyo inavyokua. Upande wa pili yupo mzazi anayemburuta mtoto hadi getini na kumsukuma ndani. Huyo naye anamfundisha kwamba hofu yake haina wa kuisikia.

Njia ya kati ni kuigawa hofu vipande. Tumchukue yule kijana wa Jiografia. Anachokiogopa ni kuongea Kiingereza mbele ya watu. Mwambie aipime hofu kwa alama, sifuri mpaka kumi, halafu mpange pamoja kuanzia kidogo:

- Kusoma kwa sauti sentensi mbili za daftari lake akiwa peke yake. (Hofu: 2)
- Kuzisoma mbele ya mdogo wake au bibi. (3)
- Wakati wa mapumziko, kuulizana maswali matatu na rafiki mmoja, kwa Kiingereza. (4)
- Kumfuata mwalimu ofisini na swali moja aliloliandika kwenye karatasi. (6)
- Kujibu darasani swali ambalo yeye na mwalimu wamekubaliana tangu jana. (7)
- Kunyoosha kidole kwa swali lolote ambalo jibu analijua. (9)

Namba ni zake, siyo zako. Kitu unachokiona kidogo kwake kinaweza kuwa nane. Asipande kipande kinachofuata mpaka cha sasa kimeshuka angalau nusu, na hiyo itachukua siku kadhaa za kurudia. Kanuni nyingine: asitoke katikati hofu ikiwa juu kabisa. Hofu hupanda, hufika kileleni, na mtu akibaki pale hushuka yenyewe. Mtoto anapaswa kuuona mshuko huo kwa macho yake, maana mshuko ndio unaomfundisha. Maneno ya mama au mwalimu hayawezi kumfundisha hivyo.

Mwalimu, kipande cha tano hakiwezekani bila wewe. Mzazi akikufuata kuomba jambo hilo, usione kama anamdekeza. Swali moja la makubaliano, mara mbili kwa wiki, linaweza kumrudisha darasani mtoto ambaye ungempoteza.

Mpongeze kwa kujaribu, hata kama jibu lilikuwa bovu. "Umenyoosha mkono leo" ndiyo habari njema ya siku.

Kwa aliyeacha kwenda shule kabisa, tumia mtindo uleule: siku ya kwanza afike getini amsalimie mwalimu wa darasa na kurudi, kisha vipindi viwili vya asubuhi, kisha hadi mapumziko. Zungumza na mwalimu wa darasa au wa ushauri nasaha mapema ili asichapwe kwa kuchelewa. Na siku anazobaki nyumbani zisiwe za runinga na simu. Afungue madaftari saa za shule.

Hatua ya 6: Usingizi, ratiba na mtihani

Mtu wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Linganisha na mtoto anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri kuwahi basi la shule. Saa nne. Hakuna ushauri utakaotuliza akili iliyolala saa nne kila siku. Anza hapo: simu ilale chumba cha wazazi, kazi za nyumbani zianze kabla ya chakula cha usiku, na kazi za ndani zigawanywe, msichana asioshe vyombo vyote peke yake wakati kaka yake anajisomea. Vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo wanafunzi hunywa ili wakeshe vina kafeini nyingi. Huongeza mapigo ya moyo na kuleta hali ileile tunayojaribu kuiondoa.

Kuhusu kusoma, kukariri kurasa usiku kucha huzaa hofu kwa sababu mtoto hajui anachojua. Afanye hivi: asome mada kwa dakika 25 au 30, afunge daftari, aandike kwenye karatasi tupu yote anayoyakumbuka, kisha afungue aone alichokosa. Arudie mada hiyo baada ya siku mbili, na tena baada ya wiki. Miezi miwili kabla ya upimaji, mpatie karatasi za mitihani iliyopita azifanye kwa saa, mezani, kimya, kama siku yenyewe. Mtihani usiotisha ni ule ambao mtoto ameshaufanya mara nyingi nyumbani.

Kisha liko lile wazo moja linaloua: "Nikifeli, maisha yangu yameisha." Usilijibu kwa "hutafeli." Huwezi kuahidi hivyo na yeye anajua. Kaa naye mliandike, chini yake muandike kitakachotokea kweli. Asipofaulu kidato cha pili atarudia mwaka. Yupo anayeendelea nje ya shule, kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa mtihani wa maarifa. Vipo vyuo vya ufundi vya VETA, na sasa upo mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi za mikono, ndani ya sekondari. Yote hayo yana uchungu wake, lakini hakuna hata moja ambalo ni kifo. Mtoto aliyeona njia tatu kwenye karatasi anashika kalamu kwa mkono uliotulia zaidi.

Asubuhi ya mtihani ale chakula alichokizoea. Asikae kwenye kundi linaloulizana maswali mlangoni. Akipewa karatasi apumue mara tatu, aisome yote, aanze na swali analolijua. Jioni usimhoji swali kwa swali. Kesho ana mtihani mwingine.

Hatua ya 7: Asiwe peke yake

Mpira, kwaya, skauti, kaswida, bustani ya shule, chochote kinachompa mwili kazi na kumkutanisha na wenzake. Shule zinazofuta michezo ili kuongeza vipindi vya ziada kidato cha pili zinawanyima watoto kitu kinachowatuliza.

Nchini Kenya, mradi uitwao Shamiri umefanya jambo ambalo shule yoyote inaweza kujifunza kwalo. Vijana wenye umri unaokaribiana na wa wanafunzi, ambao si madaktari wala wanasaikolojia, walipewa mafunzo mafupi na kukutana na vikundi vya wanafunzi wa sekondari mara moja kwa wiki kwa wiki nne, saa moja kila mara. Walizungumza kuhusu uwezo wa mtu kubadilika, kushukuru, na mambo ambayo kila mmoja anayathamini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha wanafunzi 413 wenye dalili za sonona (huzuni nzito isiyoondoka) au wasiwasi, ulionyesha kuwa dalili zilipungua zaidi kwa waliokuwa kwenye vikundi hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Kwa hiyo mwalimu wa malezi asiseme hana mtaalamu. Wahitimu wa kidato cha sita wanaosubiri chuo wapo kila mtaa. Wachague waliotulia, wafundishe kusikiliza na kutunza siri, kaa nao karibu, na wajue jambo gani lazima wakuletee wewe siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Jua mahali uwezo wako unapoishia

Mpeleke kwa mtaalamu hali ikiendelea zaidi ya wiki mbili bila nafuu na imeharibu kula, kulala au kwenda shule. Akipata vipindi vya ghafla vya kukosa pumzi na kuhisi anakufa. Akisikia au kuona visivyokuwepo. Akijikata au kujiumiza. Akianza kutumia pombe au bangi ili atulie. Anzia hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, uombe kuonana na kitengo cha afya ya akili. Muhimbili, Bugando, KCMC na hospitali ya Mirembe iliyopo Dodoma zina wataalamu wa fani hiyo.

Akisema anatamani kufa, au "mtapumzika nisipokuwepo," au akaanza kugawa vitu vyake, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kunampa nafasi ya kulitoa. Usimwache peke yake hata kidogo. Ondoa nyumbani sumu ya panya, dawa za kunyunyizia mazao, na vidonge vyote, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Namba 116 ni huduma ya simu kwa mtoto. Ni bure, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe. Kenya nako namba ni hiyohiyo. Mwambie leo, kabla haijahitajika, na iandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule.

Hofu ikishatulia, tarajia kwamba itajaribu kurudi: baada ya likizo ndefu, baada ya msiba, mwalimu mpya akija, wiki ya kwanza ya muhula. Wiki hizo rudini kwenye kipande cha chini ambacho mtoto alishakiweza, akifanye kwa siku mbili tatu, kisha apande tena. Karatasi ya alama zake za hofu itunzwe ndani ya daftari, ili siku akisema hajawahi kuweza, muifungue pamoja.